Mkia wa Maneno ya Mwenzako

Philip Henslowe hakuwa mwigizaji wala mtunzi. Alikuwa mtu wa biashara: alipitia kazi ya kutia nguo rangi, akakopesha watu fedha kwa rehani, akapangisha nyumba, na mwaka 1587 akajenga ukumbi wa maonyesho ulioitwa Rose, kusini mwa mto Thames, ng'ambo ya jiji la London. Daftari lake la hesabu, alilolianza 1592, lipo mpaka leo. Aliandika jina la mchezo wa siku ile na fedha iliyomfikia, basi. Tarehe 30 Septemba 1594 ameandika Doctor Faustus, pauni 3 na shilingi 12, na jina la daktari mwenyewe amelivuruga, maana Henslowe aliandika maneno jinsi sikio lilivyomletea.

Anayelifuata daftari hilo siku baada ya siku hukuta jambo la ajabu. Mchezo wa leo haurudiwi kesho. Kundi lililocheza pale, Admiral's Men, lilipanda jukwaani siku 6 kwa wiki, na karibu kila siku na mchezo mwingine. Katika msimu mmoja tu, wa 1594 kuingia 1595, walicheza tamthilia 38, na 21 kati ya hizo zilikuwa mpya. Kwa hiyo kila wiki mbili au pungufu mwigizaji aliingiza kichwani nafasi mpya, huku za zamani akiziweka tayari, kwa kuwa mchezo uliolala mwezi mzima ungeweza kuitwa Alhamisi ijayo.

Nyota wa kundi alikuwa Edward Alleyn, kijana wa miaka 28 aliyemwoa Joan, binti wa kambo wa Henslowe. Yeye ndiye aliyecheza Faustus. Ndiye aliyecheza Tamburlaine, mchungaji aliyegeuka mshindi wa wafalme, na Barabas, tajiri wa Malta. Wahusika wote hao watatu ni wa Christopher Marlowe, mtunzi asiyewahurumia waigizaji wakuu: mhusika wake husema, akaendelea kusema, na akinyamaza ni kuvuta pumzi tu. Wakati wa tauni ya 1593, kumbi za London zilipofungwa na makundi yakaenda kutafuta riziki mikoani, Alleyn alimwandikia mkewe barua kutoka Bristol. Kati ya mambo aliyomkumbusha ni kutia rangi nyeusi soksi zake za sufu ili azikute tayari kwa baridi, na kupanda mchicha wa Kizungu Septemba ikifika, kwenye tuta lililokuwa na kotimiri. Mtu mwenye maelfu ya mistari kichwani bado alikuwa na nafasi ya tuta la mboga.

Sasa, aliyashikaje maneno yote yale?

Alleyn aliuacha uigizaji akiwa tajiri. Alinunua ardhi Dulwich, na mwaka 1619 akaanzisha huko shule ambayo bado inasomesha. Karatasi zake na za baba mkwe wake zilibaki hapo. Katika karatasi hizo kuna kitu ambacho mfano wake mwingine haukusalia kutoka kumbi za kulipia za Uingereza ya zama zile: gombo la mwigizaji. Ni nafasi ya Orlando katika Orlando Furioso, tamthilia ya Robert Greene iliyochezwa mwanzoni mwa miaka ya 1590. Mnakili alichukua vipande vya karatasi vyenye upana wa sentimita 15 hivi, akaandika, kisha vikagandishwa kwa gundi kimoja chini ya kingine, kikawa kitu kirefu cha zaidi ya mita 5 kinachokunjwa na kufunuliwa mkononi. Mwanzo wake umepotea.

Ukilifunua hutaona tamthilia. Utaona maneno ya Orlando peke yake. Anapomaliza kusema, mnakili amepiga mstari mrefu kukata karatasi, na mwishoni mwa mstari huo ameweka neno moja, mawili au matatu. Huo ni mkia wa maneno ya mwenzake: ukisikia hayo, sema. Nani atayasema? Haikuandikwa. Atazungumza kwa muda gani kabla ya kuyafikia? Haikuandikwa. Mwenzake huyo anamsifu au anamtukana? Mwigizaji atajua atakapokuwa amesimama mbele yake. Maonyesho ambayo Orlando hayumo, kwa gombo hili, hayapo duniani.

Chanzo cha utaratibu huo kilikuwa fedha na hofu. Kumnakilia kila mwigizaji tamthilia nzima kwa mkono, nao ni dazeni na zaidi, kuligharimu karatasi na ujira. Tena kitabu kizima kilikuwa mali ya kundi. Kikitoroka, kundi pinzani lingeweza kukicheza, au mpiga chapa angekiuza mitaani. Basi kitabu kamili kilikuwa kimoja, kikakaa mikononi mwa mtunza kitabu, ambaye wakati wa onyesho alisimama nyuma ya pazia tayari kumrushia neno aliyekwama. Waliobaki walipewa kila mtu chake.

Mambo yalikwenda hivi. Mtunzi alilisomea kundi tamthilia yake kwa sauti, mara nyingine baa. Machi 1598 Henslowe aliliazima kundi shilingi 5 za matumizi siku waliyosomewa mchezo mpya katika baa iitwayo Sun. Hapo kila mmoja alisikia hadithi yote, pengine kwa mara pekee, huku kikombe kikiwa mkononi. Kisha magombo yakagawiwa, kila mtu akaenda kwake. Kazi kubwa kila mtu aliifanya peke yake, chumbani au njiani. Mazoezi ya pamoja yalikuwa machache mno, kwa sababu asubuhi ndiyo iliyokuwa na nafasi na alasiri kuna watazamaji wamekwisha lipa.

Mkataba mmoja wa mwaka 1614, kati ya Henslowe na mwenzake kwa upande mmoja na mwigizaji Robert Dawes kwa upande wa pili, unaonyesha kilichowaumiza kichwa wenye kumbi. Ukichelewa mazoezi, faini senti 12 za wakati huo, yaani shilingi 1. Ukifika mazoezi yamekwisha, shilingi 2. Usipokuwa umevaa tayari saa 9 alasiri, shilingi 3. Ukilewa wakati wa kucheza, shilingi 10. Usipotokea kabisa bila sababu, 20. Katika orodha hiyo hakuna faini ya kusahau maneno. Naona walichukulia kwamba maneno yatakuwepo, kama vile mwenye jahazi anavyochukulia kwamba baharia anajua kuogelea.

Uhakika huo ulitoka mbali. Shule za wavulana za Uingereza ziliendeshwa kwa Kilatini, na Kilatini kiliingia kwa ghibu: mtoto anajifunza kifungu jioni, anakitoa asubuhi mbele ya mwalimu, na fimbo iko mezani. Vitabu vya Warumi juu ya ufasaha vilisomwa sana, na ndani yake mna mashauri ambayo mwigizaji wa leo hatayacheka. Quintilian, mwalimu wa ufasaha huko Roma katika karne ya kwanza, alishauri hotuba ndefu ikatwe vipande, ila visiwe vidogo mno. Alitaka msemaji ajifunze kutoka kwenye kibao kilekile alichoandikia, ili jicho likumbuke mahali neno lilipokaa. Penye kigugumizi aweke alama. Asome kwa kunong'ona, ili sikio lipate kile ambacho jicho limekwisha pata. Na alijua kwamba usiku mmoja wa usingizi huimarisha kilichokuwa kikiyumba mchana, ingawa hakuweza kueleza kwa nini.

Warumi hao walikuwa pia na mbinu maarufu ya majumba: unatembea kichwani katika nyumba unayoijua, na kila kona unaweka picha ya jambo unalotaka kulisema. Cicero, aliyeandika mwaka 55 kabla ya Kristo, alisimulia kwamba ilianza na mshairi Mgiriki Simonides. Paa la ukumbi wa karamu liliporomoka, likawasaga wageni wasitambulike, na yeye aliyekuwa ametoka nje muda mfupi kabla aliweza kuwataja maiti kwa kukumbuka nani aliketi wapi. Hadithi nzuri, ila mimi sidhani majumba yalimsaidia sana mtu kama Alleyn. Nyumba ya picha inafaa kwa hoja za wakili, atakayezivisha maneno yake mwenyewe papo hapo. Tamthilia inataka neno lenyewe, silabi kwa silabi, tena kwa kasi, na mtu wa pili anasubiri mkia wake.

Kilichomsaidia zaidi ni mapigo. Mstari wa Marlowe una silabi kumi, mapigo matano, na hauna vina. Sisi tuliolelewa na tenzi tunajua nguvu ya kina: mizani nane, kituo kinarudi, na msikilizaji huhisi neno la mwisho kabla halijatamkwa. Mwigizaji wa Rose hakuwa na msaada huo, isipokuwa mwishoni mwa onyesho, ambapo watunzi walizoea kuweka mistari miwili yenye kina, nao waliokuwa nyuma ya pazia wakajua zamu yao imefika. Kwingine alibaki na mwendo tu. Lakini mwendo si kitu kidogo. Ukidondosha neno, mstari unachechemea, na mwili unajua kabla ya akili.

Gombo la Orlando lina jambo jingine ninalolipenda. Mhusika huyo anapata wazimu, na katika wazimu wake kuna Kiitaliano na Kilatini kinachomwagika. Mnakili alishindwa kusoma baadhi ya maneno katika nakala aliyopewa, akaacha mapengo meupe. Mkono mwingine umeyajaza, na wataalamu wanauona kuwa wa Alleyn mwenyewe. Kwa hiyo hatumwoni Alleyn akipokea karatasi na kuimeza tu. Tunamwona ameketi na kalamu, anakagua, anajaza, anasahihisha. Kujaza pengo kwa mkono wako mwenyewe kunalipigilia neno kichwani kuliko kulisoma mara ishirini, kama ajuavyo mwanafunzi yeyote aliyewahi kunakili daftari la mwenzake usiku wa kuamkia mtihani.

Shakespeare, aliyekuwa mwigizaji pia, alifanyia mambo hayo mzaha. Katika A Midsummer Night's Dream mafundi wa mjini wanakusanyika kuandaa mchezo. Seremala anagawa nafasi. Mmoja, anayepewa kuwa simba, anauliza kwa wasiwasi kama maneno yake yameandikwa, kwa kuwa hashiki upesi, naye anaambiwa kazi yake ni kunguruma tu. Mwingine, katika mazoezi, anasoma gombo lake kutoka juu hadi chini bila kupumua, maneno yake pamoja na mikia ya wenzake. Watazamaji walicheka, na waigizaji nadhani walicheka zaidi.

Alijua pia kuutumia mkia huo kama mtego. Wasomi wawili wa Uingereza, Simon Palfrey na Tiffany Stern, katika kitabu chao cha 2007 kuhusu magombo hayo, walichambua onyesho fupi la The Merchant of Venice, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitia Kiswahili kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Antonio amekamatwa, Shylock anakuja, na Shylock hasikii la mtu: anarudia na kurudia kwamba anautaka mkataba wake. Maneno hayo ya mkataba ndiyo yanayomaliza zamu yake, kwa hiyo ndiyo yaliyokuwa mkia kwenye gombo la mtu anayesema baada yake. Fikiria sasa mwigizaji huyo, amesimama, ana maneno matatu anayoyasubiri. Anayasikia. Anafungua kinywa. Kumbe Shylock hajamaliza. Anayasikia tena, anafungua tena, anakatwa tena. Ubishi ambao mwongozaji wa siku hizi angeufanyia kazi wiki nzima umejengwa ndani ya karatasi yenyewe, na aliyenaswa hana habari. Gombo la Shylock halikusalia, kwa hiyo hiyo ni hoja, haina ushahidi wa mkononi. Ila mwongozaji Patrick Tucker alilijaribu jambo hilo katika miaka ya 1990: aliwapa waigizaji magombo tu, hakuna mazoezi ya pamoja, akawapeleka mbele ya watu katika ukumbi wa Globe uliojengwa upya. Waliosimama pale hawakuwa na anasa ya kuwaza mstari wao ujao wakati mwenzao anasema. Ilibidi wamsikilize.

Hilo ndilo ninaloliona mimi katika karatasi ile ya Dulwich. Tunazoea kumhesabia mwigizaji wa zamani kumbukumbu ya jini. Kumbe nusu ya kumbukumbu yake ilikuwa sikio. Alibeba maneno yake, na ufunguo wa kila fungu ulikuwa kinywani mwa mtu mwingine.

Wakati huohuo, Hispania, kulikuwa na mtu ambaye kumbukumbu yake ilikuwa balaa. Cristóbal Suárez de Figueroa, katika kitabu cha mwaka 1615, anamtaja kijana Luis Remírez de Arellano, aliyeweza kuichukua tamthilia nzima kichwani kwa kuisikiliza mara tatu. Utaratibu wake umeelezwa vizuri. Siku ya kwanza alishika mpango wa hadithi. Ya pili alifuata jinsi mambo yalivyopangwa na kugeuka. Ya tatu ndipo alipokaza mistari yenyewe. Alianzia kwenye mifupa, akaja kwenye nyama, ngozi mwisho. Kwa njia hiyo alizibeba tamthilia kadhaa za Lope de Vega, mtunzi aliyekuwa akilalamika hadharani juu ya wezi wa namna hiyo.

Siku moja mwigizaji Sánchez alikuwa akicheza mchezo wa Lope, El galán de la Membrilla. Ghafla akaanza kuruka mistari na kukatiza mazungumzo, hadithi ikawa haina kichwa wala miguu. Watazamaji wakamuuliza ana nini. Akajibu wazi kwamba humu ndani yumo mtu, akamwonyesha, anayeweza kushika tamthilia nzima kwa siku tatu, na yeye hataki iibiwe. Ukumbi ukachafuka. Mchezo haukuendelea mpaka Arellano alipotoka nje.

Uingereza nako kumbukumbu ilishukiwa wizi, ila mashtaka yalikuja miaka 300 baadaye. The Merry Wives of Windsor ilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1602, katika hali mbovu: mistari imekatika, maonyesho yamefupishwa. Mwaka 1910 msomi W. W. Greg aligundua kwamba ubovu huo haulingani kila mahali. Anapoingia mwenye nyumba ya wageni, maneno yananyooka na kulingana na chapa nzuri iliyokuja baadaye. Akitoka, yanapinda. Greg akahitimisha kwamba aliyempelekea mpiga chapa tamthilia ile ni mwigizaji aliyecheza nafasi ya mwenye nyumba, aliyekuwa na gombo lake kichwani na ya wengine aliyaokota kwa kusikia. Kwa hoja ya namna hiyo, Hamlet mbovu ya 1603 ikahusishwa na aliyecheza Marcellus, mlinzi wa usiku. Kwa miongo mingi nadharia hii ilisomeshwa kama jambo lililokwisha. Mwaka 1996 Laurie Maguire alizipitia upya chapa zilizoshukiwa, moja baada ya moja, na akakuta ni chache sana zinazostahili tuhuma hiyo.

Hata ikipunguzwa nguvu, nadharia ya Greg inaniridhisha kama picha ya kichwa cha mwigizaji. Gombo lake liko imara. La mwenzake liko imara kadiri lilivyogusana na lake. The Merry Wives hiyohiyo ililetwa na waigizaji kutoka Kenya mwaka 2012 katika Globe, hatua chache kutoka mahali Rose iliposimama, nao waliicheza kwa Kiswahili.

Magombo hayakufa na Shakespeare. Karne ya 18 na ya 19 kumbi za Uingereza zilipima nafasi kwa vipande vya mistari 42, na mwigizaji wa kundi la mikoani alijua ameongezewa vipande vingapi kabla hajajua amepewa mhusika gani. Mwigizaji mwanamke, mwenye watoto na nyumba, alisoma usiku. Sarah Siddons, aliyezaliwa 1755 na kuja kuwa Lady Macbeth aliyeshangaza London mwaka 1785, ameacha kumbukumbu ya mara yake ya kwanza na nafasi hiyo, alipokuwa na miaka 20 hivi na hajulikani.

Ilikuwa usiku wa kuamkia onyesho. Watu wamelala, kazi za nyumba zimekwisha, akajifungia na mshumaa. Nafasi ni fupi, akajiambia itakuwa kazi ndogo. Yeye mwenyewe anakiri kwamba wakati ule aliamini, kama wanavyoamini wengi, kuwa kinachotakiwa ni kuingiza maneno kichwani tu. Akaenda vizuri, mpaka akafika pale mfalme anapouawa usingizini. Hofu ikampanda hata asiweze kuendelea. Akanyakua mshumaa, akapanda ngazi mbio. Gauni lake lilikuwa la hariri, na mchakacho wa hariri kwenye ngazi ukamfanya aone kana kwamba kuna kitu kinamfuata. Akaingia chumbani, mumewe yumo usingizini. Akautua mshumaa mezani asiweze hata kuuzima, akajitupa kitandani na nguo zake zote. Alfajiri akaamka kurudia kazi. Haikutosha. Jioni alipanda jukwaani akijua kidogo mno, na aibu aliyoipata, anasema, ilimponya tabia ya kuahirisha.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya mzimu wa ngazini. Mimi naona pale palipomkwamisha ndipo aliposhika kitu. Usiku ule maneno yalikoma kuwa maneno.

Moscow walilifanya hilo kuwa kanuni. Waongozaji Konstantin Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko walikutana hotelini Juni 1897, wakazungumza kwa saa 18 mfululizo, na mwaka uliofuata wakafungua ukumbi wao. Pale kundi zima liliketi mezani na tamthilia nzima, wakaichambua kwa majuma kabla mtu hajasimama. Mwishoni mwa maisha yake Stanislavski alikwenda mbali zaidi. Akifanya mazoezi ya Tartuffe ya Molière, aliwakataza waigizaji kukariri. Vasily Toporkov, aliyekuwemo, ameeleza jinsi walivyotakiwa kwanza kutenda kwa maneno yao wenyewe: mtoe mtu huyu nyumbani, mzuie yule asiondoke. Maneno ya mtunzi yaliruhusiwa kuja baadaye, mwigizaji alipokuwa na haja nayo. Stanislavski alifariki Agosti 1938 onyesho likiwa halijatoka. Kwa kundi lenye mishahara na muda wa miezi, ni njia tamu. Henslowe angeuliza nani analipia.

Huku kwetu kuna mfano ambao haukuwa na mishahara kabisa. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na vibarua waliandaa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kituo chao kilikuwa na kisomo cha watu wazima, kwa hiyo si kila aliyecheza alikuwa mtu wa vitabu. Mazoezi yalifanyika nje, hadharani. Yeyote aliyepita alisimama, akatazama, akatia neno. Wazee waliwasahihisha watunzi wasomi: mzee hasemi hivyo, hilo ni neno la kijana. Muswada ukabadilishwa. Kwa hiyo mengi waliyotakiwa kuyahifadhi yalikuwa tayari vinywani mwao, na palipowashinda palikuwa na kijiji kizima kilichoisikia mistari hiyo majuma kadhaa na kuweza kuwakumbusha. Hapakuwa na gombo la siri wala mtunza kitabu nyuma ya pazia. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, na kufikia Novemba 16 serikali ilikuwa imekwisha futa kibali. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia kizuizini mwisho wa Desemba.

Waliokuja kulipima jambo hili kwa vipimo vya maabara ni mume na mke, Helga Noice, mwanasaikolojia, na Tony Noice, mwigizaji na mwongozaji, huko Illinois, Marekani. Waliwauliza waigizaji wanajifunzaje, wakawasikiliza wakifikiri kwa sauti mbele ya muswada. Walichokuta ni kwamba wengi hawaanzi na kukariri. Wanauliza kila sentensi inafanya nini: hapa anamtisha, hapa anambembeleza, hapa anajifanya hajali. Neno lenyewe linabaki karibu bila kuitwa, kwa sababu ndilo pekee linalofanya kazi hiyo sawasawa. Walikuta pia kwamba miezi baada ya onyesho la mwisho, mistari ambayo mwigizaji aliisema huku akitembea au kushika kitu ilikumbukwa kuliko aliyoisema amesimama tuli.

Kisha wakawachukua wanafunzi wasiojua uigizaji. Baadhi waliambiwa kariri. Wengine hawakuambiwa wakariri, waliambiwa wamwambie mtu anayeyahitaji maneno haya, na wakusudie wanachosema. Hao wa pili walikumbuka zaidi. Wazee waliostaafu walipofunzwa kuigiza kwa majuma manne, bila kufundishwa mbinu yoyote ya kumbukumbu, walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo katika majaribio ya kukumbuka maneno, tena maneno ambayo hayakuhusiana kabisa na mchezo waliofunzwa.